Kitanda cha Mfalme Kimetandikwa

Tulimwacha Kinyozi mlangoni mwa chumba cha kulala cha mfalme, mkono kwenye kitasa, macho yamegandia miguu miwili iliyochomoza mwisho wa kitanda kitukufu kuliko vyote nchini. Miguu ile ilikuwa na soksi za buluu. Na soksi zile, msomaji wangu, Kinyozi alizinunua mwenyewe.

Alimnunulia mama mkwe.

Basi usidhani alipiga kelele. Aliingia, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mtoto aliyegoma kulala tangu mchana, akaegemea ukuta, akajisemea kwa sauti ndogo, "Nimekwisha."

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilitumika kuwashia jiko kabla hujalimaliza, habari ni hii. Kinyozi anamtaka Mwalimu. Mwalimu, anayefundisha watoto wa chekechea, anamtaka Kinyozi. Katikati yao amekaa Metroni, mama yake Mwalimu, mstaafu wa wodi ya wazazi, mwanamke ambaye hata madaktari bingwa walikuwa wakimwona wanaficha kucha. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Alikubali tu kufuatana nao kutembelea mji mkuu wa zamani, akasema, "Jibu nitawapa tukimaliza kuzunguka. Huyu kijana nataka nimwone akiwa amechoka."

Kijana. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza. Hajawahi kumwita mwanangu, hajawahi kumwita baba, na neno mkwe halijawahi kukaribia midomo yake.

Kwenye basi alimuuliza swali moja tu. "Asubuhi ukiamka, kitanda chako unakiachaje?"

"Nakitandika, mama," Kinyozi alijibu. "Kabla hata ya kupiga mswaki."

Ulikuwa uongo mkavu. Lakini Metroni alitikisa kichwa kidogo kwa kuridhika, na Mwalimu akambinya Kinyozi mkono kwa furaha, na uongo ukaketi nao kwenye kiti mpaka mwisho wa safari.

Tangu asubuhi walikuwa wakipanda na kushuka barabara za mawe za mji ule, wakimfuata binti mmoja aliyenyanyua mwavuli mwekundu ili watalii wake wasipotee. Waliona bwawa lenye samaki wa shaba wanaotema maji. Waliona mnara wa saa ambao saa yake ilisimama zamani na hakuna aliyeruhusiwa kuitengeneza. Metroni alikataa kusema miguu inamuuma. Walipofika kasri, kati ya ukumbi wa vioo na jiko la mfalme, akapotea.

Na sasa amepatikana.

Kinyozi alivuka kamba nyekundu iliyozuia watu, akanyata mpaka kando ya kitanda. Metroni alikuwa amelala chali, shuka mpaka kidevuni, mkoba wake mkubwa pembeni kama mgonjwa aliyekuja kujifungua. Alikuwa anakoroma kwa heshima.

Kumgusa alishindwa. Mama mkwe hatikiswi bega. Wala miguu. Hasa miguu.

"Mama," alinong'ona. Kimya.

Alikohoa. Kimya.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba," alijibu Metroni usingizini, akageukia upande wa pili.

Kinyozi alishika kichwa. Kisha, kwa akili inayomjia mtu akiwa amebanwa, aliinama akasema kwa sauti ya haraka, "Metroni, yule wa kitanda cha dirishani, uchungu umekaza."

Metroni aliketi wima kabla macho hayajafunguka. "Maji ya moto. Glovu. Baba mtoeni nje." Macho yakafunguka. Akatazama dari lililochorwa farasi wenye mabawa, akatazama mapazia ya hariri, akamtazama Kinyozi. "Wewe kijana. Unatafuta nini kwenye chumba cha watu?"

"Mama, na wewe je?"

"Mimi nilikuwa kazini."

Hapo ndipo Kinyozi alipokitazama kitanda chenyewe.

Kilikuwa kimetandikwa.

Shuka la chini lilivutwa likakaza kama ngozi ya ngoma. Pembe zilikunjwa kama bahasha. Blanketi limelazwa sawasawa, mito imepangwa, midomo ya foronya imetazama mbali na mlango, kama inavyotakiwa katika wodi yoyote inayojiheshimu.

Huelewi ubaya wake? Ngoja. Kile ndicho kitanda ambacho watu wanavuka bahari kuja kukiona. Asubuhi maadui walipovunja lango la mji, mfalme wa mwisho alikurupuka humo akakimbia, na kitanda kikaachwa vilevile, shuka zikining'inia, mto chini, blanketi limepinduka. Wafalme wengine wameacha madaraja na mahekalu. Huyu aliacha kitanda kilichovurugika, na watu wanapanga foleni kutazama kitu ambacho nyumbani kwao wanagombezwa kwacho.

"Mama," alisema Kinyozi, "umefanya nini?"

"Nimesaidia. Nilichungulia tu, nikakuta aibu. Jumba lote hili, dhahabu mpaka kwenye vitasa, halafu kitanda kama watoto wamepigana juu yake. Hata kiatu nimekuta, kimebanwa huko kati ya godoro na ubao, nimekitoa. Kitanda hakilali na viatu. Nikasema nijaribu kama kimekaa vizuri. Nikapitiwa."

"Mama, hiki kinatakiwa kiwe vile."

"Vile vipi?"

"Kimevurugika."

"Alivuruga nani?"

"Mfalme. Aliondoka ghafla."

"Hata kama aliondoka ghafla. Hakuwa na mke? Hakuwa na watumishi?"

"Maadui walikuwa mlangoni, mama."

Metroni alilifikiria jambo hilo kwa haki. "Shuka la juu peke yake," alisema, "unalirudisha huku unatembea."

Mlango ukafunguka. Kinyozi nusura aingie uvunguni. Alikuwa Mwalimu, viatu mkononi, kilemba kimelegea.

"Mama. Nimekutafuta mpaka choo cha wanaume." Akakiona kitanda. Akamwona mama yake kitandani. Akakaa chini sakafuni polepole, kama wanavyokaa watoto wake anapowaambia muda wa hadithi umefika.

"Inuka," Kinyozi alimwambia. "Wako wapi wengine?"

"Jikoni. Wanaonyeshwa masufuria. Baada ya jiko ni huku. Na Msimamizi wa kasri yuko nao leo, yule mwenye funguo. Anamkagua yule dada wa mwavuli, yuko kwenye majaribio." Alinyoosha kidole ukutani. "Mmesoma kile kibao?"

Walikisoma. Kilisema, kwa herufi zisizo na huruma, kwamba atakayegusa kitanda atakabidhiwa polisi.

Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Kinyozi aliona uso wa Metroni ukishuka. Ulishuka kidogo tu, pembeni mwa mdomo.

"Mimi?" alisema. "Nikatoe maelezo kituoni? Nusu ya polisi wa kwetu nimewapokea mimi, kichwa kwanza. Leo wanishike mkono kwa ajili ya shuka?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyetoka kazini na jina safi, watu wakilia langoni, sasa ajulikane mji mzima kama bibi aliyekamatwa kitandani mwa mfalme. Mwalimu alianza kuvuta pua.

"Usilie," alisema Kinyozi. "Nenda ukawacheleweshe."

"Niwacheleweshe na nini?"

"Waulize maswali. Yale wanayokuuliza watoto wako."

Mwalimu akavaa viatu, akatoka mbio. Muda si muda, kupitia ukutani, wakamsikia, sauti nyororo kama asali. "Samahani, naomba kuuliza. Mfalme alikuwa anamaliza mboga zake zote? ... Na kama hakumaliza, nani alikuwa anamwambia amalize? ... Na huyo, yeye aliogopa nani?"

"Haya, mama," alisema Kinyozi. "Tukivuruge."

Metroni alishuka, akavaa viatu vyake, akavuta shuka. Shuka likatoka. Akalitazama likining'inia. Mkono wake, bila ruhusa yake, ukalirudisha na kulikunja.

"Mama."

"Samahani. Ngoja." Akavuta tena. Akautupa mto. Akauokota, akaupigapiga, akauweka mahali pake, mdomo wa foronya mbali na mlango.

"Mama, nakuomba."

"Siwezi," alisema Metroni, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mikono haikubali. Kijana, maisha yangu yote hii mikono imefanya kitu kimoja tu. Vuruga wewe."

Kinyozi alipeleka mkono mfukoni kupangusa jasho, na badala ya leso akatoa kadi. Alikuwa ameinunua dukani pale langoni, aitundike kibandani kwake juu ya kioo cha wateja. Ilikuwa picha ya kitanda kile, kabla Metroni hajakitia mkono.

Akaitazama. Shuka la juu limejisokota kama kamba, limeangukia upande wa dirishani. Mto mmoja umekunjwa katikati, mwingine uko sakafuni umesimama kwa upande. Blanketi limefunguka pembe tatu. Katikati pana shimo, kama amelala mbwa.

Kinyozi akaisogeza kadi karibu na macho. Alikuwa akikifahamu kitanda kile. Alikiacha chumbani kwake, nyuma ya kibanda cha kunyolea, leo asubuhi. Na jana. Na kila asubuhi tangu alipohama kwa mama yake.

Sasa pima mwenyewe, msomaji. Akifanya anachokijua, Metroni atasalimika, na atajua. Mtu hajifunzi kuvuruga kitanda namna ile kwa kutazama picha. Atajua kwamba kwenye basi alidanganywa mchana kweupe, na jibu lake tutalijua kabla hajafungua mdomo. Na asipokifanya, atabaki msafi, mwenye mchumba ambaye mama yake amepelekwa kituoni.

Kutoka jikoni, sauti ya Mwalimu ilikuwa imeanza kuishiwa. "Na paka? Mfalme alikuwa na paka? Paka aliitwaje? ... Hata kwa kukisia?"

Kinyozi akavua viatu.

"Unafanya nini?" aliuliza Metroni.

"Nageuka mfalme, mama. Naomba uangalie pembeni."

Alipanda kitandani, akajifunika, akafumba macho. Alijiambia kwamba jana alichelewa kulala. Akavuta shuka likamzunguka mguu. Akauweka mto mmoja kichwani, mwingine akaukumbatia. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akajichimbia katikati. Halafu akajiambia kwamba kumepambazuka, jua limefika dirishani, na mteja mmoja mwenye harusi amesimama nje ya kibanda anagonga kwa ufunguo.

"Nimechelewa," alisema, na akakurupuka.

Alitoka kwa mguu wa kushoto. Shuka likamfuata, likajisokota, likamwachia, likaanguka upande wa dirishani. Mto ukaruka, ukatua kwa upande, ukasimama. Blanketi likafunguka pembe tatu. Yote hayo bila kugusa kwa kusudi, bila kutazama nyuma, kwa wepesi wa mtu aliyerithi kipaji.

Metroni alichukua ile kadi. Akatazama kadi, akatazama kitanda. Akatazama kadi.

"Hata hiki kikunjo hapa karibu na mto," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kijana."

"Naam, mama."

"Kitu kama hiki hakipatikani kwa kubahatisha."

Kinyozi alitazama vidole vya miguu yake. "Hapana, mama."

"Kwenye basi uliniambia unatandika kabla ya kupiga mswaki."

"Niliogopa, mama."

Metroni alivuta pumzi ndefu. "Na mswaki? Unapiga?"

"Mswaki napiga, mama. Naapa."

Nje, funguo zikalia.

Waliruka kamba kwa pamoja, Kinyozi na viatu vyake mkononi, Metroni na mkoba wake, na mlango ulipofunguka wakawa wamesimama upande wa watazamaji, mikono nyuma, vichwa vimeinama upande, kama watu waliozama kwenye historia.

Aliingia kwanza mwavuli mwekundu, kisha binti aliyeushika, kisha watalii, kisha Mwalimu akiwa amesawajika uso, na mwisho Msimamizi, mzee mwembamba mwenye rundo la funguo kiunoni lililomfanya atembee upande mmoja.

"Nyinyi mmeingiaje kabla yetu?" aliuliza Msimamizi.

"Tulipotea," alisema Metroni.

"Wote wawili?"

"Mimi nilipotea. Yeye alinipata."

Msimamizi hakusikia mwisho wake. Alikuwa anakitazama kitanda. Alisogea mpaka kamba ikamgusa tumbo. Akavaa miwani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwalimu alimshika Kinyozi kidole kimoja, kile kidogo, akakikamua.

"Nani," alisema Msimamizi polepole, "amegusa kitanda hiki?"

Binti wa mwavuli alipaliwa na mate, akakohoa, macho yakamtoka.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Jumatatu. Ulinielekeza mwenyewe. Kama nimekosea naomba unisamehe, nitarudia."

Watalii wakatazamana. Msimamizi akamvuta pembeni, karibu kabisa na mahali alipokuwa Metroni, akanong'ona kwa ile sauti ya wazee wasiosikia vizuri, ambayo chumba kizima kinaisikia.

"Binti, kila mashuka yakitoka kufuliwa nawaelekeza, mfalme alikuwa anakimbia kifo. Na kila Jumatatu mnaniletea kitanda cha mtu anayetafuta soksi. Leo," na hapa sauti ya mzee ikatetemeka, "leo nimeiona hofu yake. Nimemwona akitoka. Kwa mguu wa kushoto. Umepita majaribio. Kazi ni yako."

Binti alifungua mdomo. Akaufunga. Alikitazama kitanda, akajua kabisa kwamba ile si kazi ya mikono yake. Macho yake yakazunguka chumba, yakafika kwa Kinyozi, yakashuka kwenye viatu alivyoshika mkononi, yakapanda mpaka kichwani. Pale, juu ya nywele alizozichonga kwa ustadi, palikuwa na unyoya mweupe wa mto wa mfalme.

Kinyozi aliona macho ya binti yalipoishia. Hakuweza kusogea.

Binti akamkaribia kama mtu anayepita kwenda kuonyesha pazia, akanyoosha mkono, akautoa ule unyoya kwa vidole viwili kama mama anayemtoa mtoto uji shavuni, akautia kwenye mwavuli wake uliokunjwa.

"Tunaendelea," aliwaambia watalii, na sauti yake ilikuwa na uhai mpya.

"Kwa hiyo mashuka yanafuliwa?" aliuliza Metroni ghafla.

Mwalimu akafumba macho.

"Nauliza tu," alisema Metroni. "Mtu angependa kujua. Yanafuliwa kwa maji ya moto?"

"Ya moto," alisema Msimamizi kwa mshangao.

"Afadhali," alisema Metroni, na akaacha kujikuna mkono aliokuwa akiukuna tangu atoke kitandani.

Binti aliwasogeza watalii kwenye kabati la kioo ukutani. Ndani, juu ya mto mdogo mweupe, palikuwa na sapatu moja ya mguu wa kushoto, ya mahameli nyekundu, imetariziwa uzi wa dhahabu, ncha yake imepinda juu kama mkia wa jogoo.

"Mfalme alikimbia na sapatu moja," alieleza. "Hii aliiacha. Ya kulia alikwenda nayo. Wasomi wameitafuta kila alikopita, mpaka mtoni alikovuka, mpaka kwenye pango alikojificha. Wengine wamezeeka wakiitafuta."

"Mimi ni mmoja wao," alisema Msimamizi kwa huzuni. "Nilianza nikiwa na nywele."

Metroni alisogelea kioo. Aliitazama sapatu ile kwa muda. Kisha akautazama mkoba wake. Kisha akaupeleka mkoba nyuma ya mgongo.

Kinyozi hakuona. Alikuwa anamtazama usoni tu, akitafuta jibu lake.

Walitoka kupitia korido ndefu yenye picha za wafalme waliovimba mashavu. Watalii walitangulia. Metroni alitembea polepole, na wapenzi wawili walimfuata nyuma kama wanaokwenda kuadhibiwa.

"Mama," alisema Mwalimu, "tumemaliza kuzunguka."

"Nimeona."

"Ulisema jibu utalitoa tukimaliza."

Metroni akasimama chini ya mfalme mmoja mwenye ndevu za kuchongwa. "Huyu amenidanganya," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema Kinyozi.

"Usinidakie. Amenidanganya, na chumba chake sasa hivi kiko kama kile, na pengine kuna na sahani."

Kinyozi alikumbuka sahani.

"Lakini angeweza kuniacha nipelekwe," alisema Metroni. "Alikuwa na njia. Angesimama kando, aseme hajui kitu, aendelee kuwa msafi. Akapanda mwenyewe, nikiwa namtazama, akijua ninachokwenda kukiona." Alifungua kitambaa cha shingoni akakifunga upya, ingawa kilikuwa kimekaa vizuri. "Kutandika kunafundishika. Nimefundisha wauguzi waliokuja hawajui kichwa cha kitanda ni wapi. Hili la pili sijui linafundishwaje. Nilikuwa nikilikuta kwa mtu, au silikuti."

Mwalimu alianza kulia, safari hii bila kuficha.

"Pangusa pua," mama yake alimwambia. "Atatandika kila asubuhi, na mimi nitakuwa napita kukagua. Bila taarifa."

Kisha akageuka, akainama, akapeleka mkono kwenye kamba za viatu vyake, na akanyoosha ule mkono mwingine nyuma, wenye mkoba.

"Mkwe wangu," alisema, "hebu nishikie."

Mkwe wangu. Kinyozi aliupokea mkoba ule kama mtu aliyepewa mtoto mchanga kwa mara ya kwanza, mikono miwili, viwiko ndani, akiogopa kupumua. Alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Mwalimu alicheka na kulia kwa pamoja. Walisahau mfalme, walisahau kitanda, walishuka ngazi bila kuhisi ngazi.

Kwenye lango la kutokea palikuwa na meza, na nyuma ya meza askari wa mlango, mama mnene mwenye glovu nyeupe.

"Mkoba juu ya meza, kaka."

"Bila shaka," alisema Kinyozi, ambaye saa ile angempa hata shati. Alimwona Metroni ameshavuka lango, amesimama upande wa pili, ametulia isivyo kawaida. Alimpungia mkono. Metroni hakupunga.

Askari alitoa chupa ya chai. Akatoa sweta. Akatoa kopo la biskuti, akalitikisa, likasema ni biskuti. Akatoa sindano mbili za kufumia, na kwenye sindano zile palining'inia kisoksi cha njano, kidogo kama kidole gumba, kimeshafumwa mpaka kwenye kisigino.

Kinyozi alikitazama kisoksi. Kisigino hakifumwi kwa siku moja. Kilikuwa kimeanzwa kabla ya kitanda, kabla ya basi, kabla ya swali. Alinyanyua macho kumtazama mama mkwe wake, na mama mkwe wake akatazama mawinguni.

Mkono wa askari ulikuwa umerudi ndani. Ulisita. Ulitoka taratibu na kitu kilichofungwa kwenye leso, leso ikafunguka, na mezani, katikati ya chai na biskuti, ikakaa sapatu ya mahameli nyekundu, imetariziwa uzi wa dhahabu, ncha yake imepinda juu kama mkia wa jogoo.

Ilikuwa ya mguu wa kulia.

Askari aliitazama muda mrefu. Watalii wengine waliokuwa nyuma wakaacha kusukumana. Mahali fulani huko juu kwenye ngazi, rundo la funguo lilikuwa linashuka, likilia kila hatua.

"Mkoba huu," aliuliza askari, "ni wa nani?"

Upande wa pili wa lango Metroni alifungua mdomo, akapiga hatua kurudi. Kinyozi alimwona, akamtikisia kichwa kidogo, kama alivyomwona yeye akifanya kwenye basi.

"Ni wangu," alisema.

Askari alinyanyua sindano kwa vidole viwili. "Na hiki kisoksi?"

"Changu pia," alisema Kinyozi, na akajiona anatabasamu.

Funguo zikasimama nyuma ya mgongo wake.